Hodhi la kuogea linalocheza hurekebishwa kuanzia miguuni

Wanaonipigia simu kuhusu hodhi la kuogea, iwe ni kutoka Nyali, Tudor au Kizingo, kwa kawaida hulalamikia silikoni, ule utomvu wa kuzibia mwanya kati ya hodhi na ukuta: imepakwa upya, na baada ya muda mfupi imeachana tena na vigae, huku maji yakipenya nyuma na kutia madoa dari ya jirani wa chini. Mimi huwaomba kwanza waukanyage upande mmoja wa hodhi, kisha upande wa pili. Likicheza hata kidogo, hakuna silikoni itakayodumu, kwa sababu ukingo hushuka na kupanda kila mtu anapoingia na kutoka.

Katika nyumba zetu za Mombasa chanzo mara nyingi ni sakafu. Bafu hujengwa kwa mteremko unaoelekea kwenye tundu la maji machafu, kwa kuwa wengi wetu huoga kwa ndoo na kopo au chini ya shawa, na kwa kazi hiyo mteremko ni sahihi kabisa. Hodhi la miguu minne likiwekwa juu yake, mguu mmoja huning'inia, na fundi mwenye haraka huuchomekea kipande cha kigae au cha mbao. Kigae hupasuka, mbao huvimba, huoza, au huliwa na mchwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita 150 pamoja na mtu wa kilo 80 huibebesha miguu hiyo kilo 230, bila kulihesabu hodhi lenyewe.

Mahodhi mengi ya akriliki, yaani plastiki ngumu, huja na miguu ya skrubu. Laza pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa chenye kiputo, juu ya ukingo kwa urefu na kwa upana, zungusha miguu hadi kiputo kikae katikati, kisha ukaze nati ya kufungia ya kila mguu, jambo ambalo wengi hulisahau, ilhali bila nati hiyo mtikisiko wa kila siku huilegeza skrubu polepole. Usiliinamishe hodhi kuelekea kwenye tundu lake, kwani mteremko wa ndani umekwisha kuwekwa kiwandani. Chini ya kila mguu weka bapa la chuma kisichoshika kutu; hewa ya bahari na maji ya visima yenye chumvi hula chuma cha kawaida upesi.

Miguu peke yake haiitoshi akriliki, maana sakafu ya hodhi hunepa chini ya unyayo. Maelekezo ya kiwanda yakiruhusu, mimi hutandika mafungu ya mota ya saruji na mchanga, nzito kiasi cha kusimama yenyewe, katikati ya karatasi mbili za nailoni, kisha nikalishusha hodhi taratibu na kuliacha hadi kesho yake bila kukanyagwa. Nailoni huwezesha hodhi kutolewa siku ya matengenezo bila kuvunjwa. Povu la kupuliza silipendi, kwa kuwa linapofura huweza kuliinua hodhi na kuharibu usawa wote.

Ukingo wa upande wa ukutani nao hufungwa kwa vishikio. Kuta za mawe ya matumbawe, hasa zile za Mji wa Kale, zina vitundu na vumbi jingi, hivyo tumia plagi ndefu, vile vifuko vya plastiki vya kushikia skrubu ukutani, na usafishe tundu kabla ya kuzitia.

Silikoni huja mwisho, hodhi likiwa limejaa maji, na maji hayo hubaki humo hadi ikauke, kwa kawaida saa 24. Hapo kiungo hukauka kikiwa kimepanuka, na hodhi likiwa tupu hubanwa tu badala ya kuvutwa. Najua kwamba mjini kwetu, ambako mfereji hukaa siku kadhaa bila kutoa maji, kujaza hodhi kwa ajili ya jaribio ni jambo zito. Yateke baadaye kwa ndoo uyatumie kudekia. Na ukilijengea hodhi kwa vigae, acha kijilango upande wa bomba la kutolea maji, kinachotosha mkono na spana, ili nati ziweze kukazwa tena bila kubomoa.