Mwalimu, Msaliti Ni Nani?

Nafundisha Kifaransa, na kila mwaka darasa langu la jioni husoma riwaya moja ya nyakati mbili: sura hii ni kijiji cha Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, inayofuata ni kijiji hichohicho leo, mjukuu kaja kuuza nyumba ya bibi yake. Hatujafika sura ya tatu, mkono ushanyooka nyuma: "Mwalimu, msaliti ni nani?" Mwaka huu nimeulizwa hata kitabu hakijafunguliwa. Basi naandika, wa mwakani watapewa karatasi.

Dhana yenyewe ni hii: kila kijiji kilikuwa na mashujaa wa msituni upande mmoja na vibaraka wa Wajerumani upande wa pili.

Ukweli ni kwamba wengi hawakuwa huku wala kule. Walikuwa wanatafuta siagi. Ufaransa iliposhindwa Juni 1940, wanajeshi wake wapatao milioni 1.8 walitekwa, kwa hiyo jembe lilishikwa na wanawake, wazee na watoto. Mkulima yuleyule anauza mayai kwa magendo, anamkaribisha askari wa Kijerumani divai ili asipekue banda, na humo bandani kalala kijana aliyekimbia STO, ile sheria ya Februari 1943 ya kuwapeleka vijana Ujerumani kufanya kazi kwa lazima. Haya, mpangeni mtu huyo: shujaa au kibaraka? Na huyo kijana mnayemvisha bunduki, yaelekea hakuigusa. Wengi waliokimbia STO hawakujiunga na maquis, wale wapiganaji wa msituni waliowapinga Wajerumani. Walijificha mashambani, wakavuna ngano kwa majina ya bandia wakingoja vita viishe.

Asiyeniamini asome habari za Oradour-sur-Glane. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS, jeshi la chama cha Hitler, waliingia kijijini humo, wakawapiga risasi wanaume mabandani, wakawaua wanawake na watoto ndani ya kanisa na kulichoma moto. Watu zaidi ya 640. Kesi iliposikilizwa Bordeaux mwaka 1953, kati ya washtakiwa 21 waliokuwa kizimbani, 14 walitoka Alsace, eneo la Ufaransa ambalo Hitler alilinyakua na kuwaingiza vijana wake jeshini. Kumi na watatu kati yao waliingizwa kwa nguvu. Walitiwa hatiani, na mwezi huohuo bunge likawasamehe. Alsace ililalamikia hukumu, na Limousin, eneo la kwao Oradour, ikalaani msamaha. Nijibuni sasa, msaliti ni nani?

Sisemi wasaliti hawakuwepo. Milice, wanamgambo wa Kifaransa waliowasaidia Wajerumani, walikuwepo, na polisi waliowakamata Wayahudi takriban 13,000 Paris na vitongoji vyake Julai 1942 walikuwa Wafaransa. Rais wa kwanza kukiri hadharani kwamba dola la Ufaransa lilihusika alikuwa Jacques Chirac, mwaka 1995. Hesabuni miaka hapo katikati.

Ndiyo maana naudhika na anayeruka sura za leo akidai "hakuna kinachotokea". Mmoja aliziruka zote, kisha akaja kunilalamikia kuwa mwisho haueleweki! Simameni na mjukuu mbele ya mnara wa majina ya waliokufa vitani pale uwanjani. Ya 1914 hadi 1918 yamejaa kutoka juu hadi chini. Ya 1939 hadi 1945 ni machache, yamebanwa pembeni. Kaka yake bibi hayumo, ingawa alikufa 1944, na mzee wa jirani anabadilisha mazungumzo. Serikali ilifungua kwa upana majalada ya polisi na mahakama ya wakati ule Desemba 2015 tu. Mjukuu ana haki ya kushangaa.

Mengine ni ya haraka. Ufaransa haikukaliwa yote mwaka 1940. Kusini kulibaki chini ya serikali ya Marshal Pétain iliyoshirikiana na Wajerumani, makao yake mji wa Vichy, hadi Wajerumani walipoingia Novemba 1942. Tafuteni kijiji kwenye ramani, mchore kwa penseli mstari kati ya pande hizo mbili, ndipo mniulize mbona Wajerumani hawaonekani.

Na eti vita hivyo vya Wafaransa sisi havituhusu? Septemba 1942 Waingereza waliwapeleka askari wa Keya, jeshi lao la Waafrika wa huku kwetu, Madagaska kupigana na jeshi la Vichy. Ndiyo, Wafaransa. Nilipolisema hilo darasani mwaka jana, mkono ukanyooka tena kule nyuma. Swali mnalijua.