Dhuluma ya mirathi huanza kabla ya mafungu

Familia nyingi za Kiislamu zinazotujia zisuluhishwe juu ya mirathi hudhani zimegombana kwa hesabu. Mara chache huwa hivyo. Mafungu yametajwa waziwazi katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, 12 na 176, na aliyesoma elimu ya mirathi hashindwi kuyapanga. Dhuluma huwa imeshaingia mapema, pale ndugu walipokubaliana, au mmoja wao alipoamua peke yake, kwamba kila kilichomo nyumbani kilikuwa cha marehemu.

Baba anapofariki, mali ya mama haigeuki mirathi. Dhahabu yake, akiba yake, sehemu yake katika nyumba waliyochangia kuijenga, vyote vitengwe kwanza. Kisha zitolewe gharama za mazishi, halafu madeni. Hapa ndipo wajane wengi hupunjwa, kwa sababu mahari ambayo mume hakuimaliza ni deni kama deni jingine lolote. Mjane alipwe mahari yake kamili, ndipo arithi. Kumwambia kwamba mahari imo humohumo ndani ya thumni yake, yaani fungu lake la moja ya nane, ni kumlipa kwa haki yake mwenyewe.

Kinachobaki hutolewa wasia, usiozidi theluthi. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua alitaka kutoa zaidi ya hapo, Mtume (s.a.w.) akamwekea mpaka kwenye theluthi, na akasema hata hiyo ni nyingi. Kwa madhehebu ya Sunni, mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie. Nawasihi wazee waifikirie theluthi hii wangali hai, kwa ajili ya wajukuu mayatima. Mtoto akitangulia kufa kabla ya baba yake, watoto aliowaacha hawarithi kwa babu maadamu babu ana mtoto wa kiume aliye hai. Ami zao huchukua, wao hutoka mikono mitupu, na mstari mmoja tu wa wasia ungewasitiri.

Tuseme marehemu ameacha mke, mama mzazi, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Baba yake alishafariki. Mali iliyobaki baada ya hayo yote igawanywe mafungu 120. Mke hupata thumni, yaani 15. Mama hupata sudusi, moja ya sita, yaani 20. Yanabaki 85 kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike: kila mwanamume 34, binti 17. Katika orodha hii, anayesahauliwa mno ni yule mama wa marehemu, bibi mzaa baba wa watoto. Ni mzee, hana wa kumsemea, na wajukuu huona urithi ni wa watoto tu.

Binti naye huombwa asamehe. Kusamehe ni baada ya kulijua fungu lake na kukabidhiwa, tena kwa hiari, si kwa kuhofia kaka zake watamtenga. Baada ya vita vya Uhud, mjane wa sahaba Saad bin Rabii alimwendea Mtume kushtaki kwamba ami wa mabinti zake wawili amechukua mali yote. Hukumu ikawa mabinti wapewe theluthi mbili, mama yao thumni, na ami achukue kinachosalia. Ami hakunyimwa, alipata mafungu 5 kati ya 24, baada ya wenye mafungu maalumu kupewa yao.

Msichelewe kugawa. Tangu siku ya kifo, kodi ya nyumba ni ya warithi wote kwa kadiri ya mafungu yao, na kaka mkubwa anayeikusanya anaishika kwa niaba yao, kwa hiyo kila anachopokea na kutumia akiandike. Kukiwa na watoto wadogo, hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao, na chakula cha wageni wa msiba kisitolewe kwenye haki yao. Mjane akiwa mjamzito, wekeni kando fungu la aliye tumboni, mhesabie kama wa kiume, mpaka azaliwe ndipo hesabu ikamilishwe.