Mikoko ya Lamu: yasemwayo na yaliyo kweli

Kila penye mazungumzo ya mikoko huku Lamu, husemwa kwamba mkoko hauwezi kuishi bila maji ya chumvi. Sivyo. Miche mingi ya mikoko huota hata kwenye maji matamu, na mingi hustawi zaidi pale maji ya mto au mvua yanapopunguza ukali wa bahari. Kinachoizuia kuingia bara ni ushindani: huko nyasi na miti inayokua haraka huiwahi nafasi. Kwenye tope la chumvi washindani hao hufa, mikoko ikabaki na eneo lake.

Wengine hudhani mikoko yote ni ukoo mmoja. Kenya ina aina 9, na nyingine hazina undugu wa karibu kabisa. Mkomafi, ule wenye tunda kubwa la duara, ni wa familia moja na mwarobaini wa uani! Mkoko wenyewe (jina hili pia ni la aina moja maalumu) na mchu, aina nyingine ya mikoko, nao kila mmoja una familia yake. Wahenga wao walikuwa miti ya nchi kavu, na kila ukoo uliizoea chumvi kwa njia yake. Mkoko huizuia sehemu kubwa mizizini. Mchu huiachia ipande, kisha huitoa majanini: siku ya jua kali litazame jani lake kwa karibu, utaona punje nyeupe, na ukilamba utajua ni nini.

Kosa ninalolisikia hata kwa wasomi ni kwamba mikoko ya Senegali ni hii hii yetu, kwa kuwa bara ni moja. Mkoko wa Lamu umeenea hadi Indonesia na kaskazini mwa Australia, ilhali ile ya Senegali ni ya aina za Brazili na Karibi. Mche wa mkoko huota ukiwa bado juu ya mti, kisha huanguka na kuelea kufuata mkondo. Bahari huubeba mbali, lakini ncha ya kusini ya Afrika ni baridi mno kwake.

Na tafadhali, si kila tope linafaa kupandwa mkoko. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele kabisa upande wa bahari, mkoko hufuata, mkandaa hukaa juu zaidi. Mche uliopandwa mahali panapofunikwa na maji muda mrefu kupita kiasi hufa. Kabla hamjapanda, waulizeni wakata boriti wazee ni mti gani uliokuwa hapo, na maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hufika wapi.