Kwa nini anayeshinda na njaa mchana hufakamia usiku?

Je, wajua kwamba mara nyingi kinachomfanya mtu amalize sufuria nzima ya wali saa tano za usiku ni kile alichokataa kula saa mbili za asubuhi? Hapa Mombasa lawama huangukia ulafi, au viazi karai vya pale kona. Lakini mwili huwa umeanza hesabu zake mapema zaidi.

Mchukulie mama anayeuza dukani Digo Road, ambaye ameamua kupunguza mwili kabla ya harusi ya mdogo wake. Asubuhi anakunywa strungi bila sukari. Mahamri na mbaazi za nazi anawaachia watoto. Mchana ni tango na maji. Jioni, kwenye umati wa feri ya Likoni, anapita kachiri na mahindi ya kuchoma bila kugeuza shingo. Wote wakishalala anafunua sufuria ili aonje tu. Anakula kwa mwiko, amesimama, mlango wa jikoni kaurudisha, haraka kiasi kwamba hata ladha ya tui haisikii. Ukoko naye anaukwangua. Tumbo likishauma anaosha sufuria ili asubuhi pasijulikane, kisha anajiapiza: kesho sili kitu. Kiapo hicho ndicho kinachoandaa usiku unaofuata.

Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mtu akijinyima, leptini hushuka upesi, hata kabla hajapungua sana. Tumbo nalo hutoa grelini, homoni ya njaa, ambayo hupanda. Ubongo haujui kwamba kuna harusi. Unachojua ni kwamba chakula kimeadimika, basi unakazana kukitafuta, hasa cha wanga, sukari na mafuta. Tena taarifa za shibe kutoka tumboni na kwenye utumbo huchukua kama dakika 20 kukamilika. Anayekula mbiombio huwa ameshapita kipimo kabla hazijafika.

Jambo hili lilionekana waziwazi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema kwa wiki 24, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kuwaza chakula mchana kutwa, wakawa wanalamba sahani, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi wakaugua na bado wakasema wana njaa. Hawa walikuwa watu wazima wenye nia thabiti, waliojitolea wenyewe. Kwa hiyo nakereka sana nikisikia dada wa watu akiambiwa hana msimamo.

Si kila anayezidisha biriani ya harusi ni mgonjwa. Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanakuhesabu kufakamia kuwa ugonjwa unaojitegemea pale mtu anapokula kupita kiasi huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na kubaki na dhiki moyoni. Wengi hula peke yao kwa sababu ya aibu. Na si njaa pekee inayoleta hali hii: huzuni, msongo, upweke na kukosa usingizi pia vimo.

Dawa ya kwanza ni ngumu kuiamini: asubuhi baada ya usiku mbaya, kula. Kula mahamri mawili na bakuli la mbaazi, ukiwa umeketi, kwenye sahani. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, hukaa tumboni. Kisha usiache zipite zaidi ya saa tatu au nne bila kitu, hata ndizi na karanga. Tiba ya mazungumzo inayotumika kwa tatizo hili huanza na ratiba ya namna hii, pamoja na kuandika kila ulichokula na ulivyojisikia wakati huo. Uzito hupimwa mara moja kwa wiki, si kila ukiamka. Wali wa nazi usiupige marufuku. Upakue mchana, mbele ya watu.

Kwa wanaofunga Ramadhani, daku lisirukwe. Ile desturi ya kufuturu kwa tende na maji, kuswali magharibi kisha kurudi kwenye futari, hulipatia tumbo nafasi ya kusema neno. Lakini ambaye saumu humrudisha kwenye kufakamia azungumze na daktari mapema.

Je, mwili utapungua? Nisikudanganye: kinachotulia kwanza ni kufakamia, uzito huacha kupanda, na kupungua huenda kukawa kidogo. Mwili ukiongezeka bila sababu ya chakula, muulize daktari kuhusu tezi ya shingo, sindano ya kupanga uzazi au dawa unazotumia. Zile chai za kukausha tumbo ziache. Nyingi ni za kuharisha, nazo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvi.

Na nyinyi shangazi na marafiki, ile salamu ya "mbona umejaa hivyo!" iacheni. Mkaribisheni aketi sinia moja nanyi, bila kumhesabia matonge. Akisema usiku unamshinda, msindikizeni kliniki ya afya ya akili, na akifika amwambie daktari kuhusu kula kwake kwa siri, kwa sababu asipotaja, huenda akapewa karatasi ya vyakula vya kukataza na kurudishwa kulekule kwenye tango na maji.