Kumoki utafutaji wa muunganisho wa hifadhidata

Programu nyingi za Java zinazoendeshwa ndani ya seva kama Tomcat hazibebi anwani wala nywila ya hifadhidata. Zinabeba jina tu. Msimbo unaiuliza seva ni nini kimesajiliwa kwa jina hilo, na seva inarudisha chanzo cha miunganisho kilichokwisha kuandaliwa. Mstari wenyewe huwa hivi:

DataSource ds = (DataSource) new InitialContext().lookup("java:comp/env/jdbc/AkibaDB");

Huo ndio utafutaji wa muunganisho. Hauna shida mpaka utake kuandika jaribio la kipande, yaani jaribio dogo linalopima funksheni moja peke yake. Tuseme ni funksheni ya SACCOS inayokokotoa faini ya mkopo uliochelewa. Unaliendesha kwenye kompyuta yako, seva haipo, na Java inatupa kosa la NoInitialContextException kabla hesabu ya faini haijaanza. Hapo wengi hukimbilia kukagua nywila na bandari (port, namba ya mlango wa hifadhidata), na hifadhidata yenyewe haijafikiwa kabisa! Aliyekosekana ni wa kulijibu lile jina.

Kumoki ni kuweka kitu bandia mahali pa kile halisi wakati wa jaribio: kinajibu ulivyokiagiza, na kinakumbuka kiliitwa mara ngapi na kwa vigezo gani. Jina hilo lilianza kuenea kupitia makala ya mwaka 2000 ya Tim Mackinnon, Steve Freeman na Philip Craig. Kwa Java wengi hutumia maktaba iitwayo Mockito. Python ina unittest.mock ndani yake tangu toleo la 3.3.

Ugumu ni kwamba utafutaji hauji peke yake. Ukishamoki lookup, lazima irudishe DataSource bandia, nayo itoe Connection (muunganisho) bandia, nayo PreparedStatement (swali linalotumwa kwa hifadhidata), mpaka ufike kwenye ResultSet (majibu yake, safu kwa safu). Moki inazaa moki. Na huko mwisho kuna mtego: ukiandika when(rs.next()).thenReturn(true) na msimbo wako una kitanzi cha while (kinachorudia kazi mradi jibu ni ndiyo), jaribio halitaisha, kwa sababu kila ukiuliza kama kuna safu nyingine unajibiwa ndiyo. Andika thenReturn(true, false), upate safu moja kisha kitanzi kifunge.

Upande wa Python kosa kubwa ni la mahali. Faili akiba.py ina mstari huu:

from db import pata_muunganisho

Ukimoki kwa patch ya unittest.mock, inayobadilisha kitu kwa jina lake, ukaandika patch("db.pata_muunganisho") baada ya akiba kupakiwa, hufui dafu. Akiba ilishajichukulia jina lake ilipopakiwa, na bado linaelekea kwenye funksheni halisi. Inayotakiwa ni patch("akiba.pata_muunganisho"): unabadilisha pale jina linapotumika, si pale lilipozaliwa. Ubaya ni kwamba kosa hili linaweza kukaa kimya. Kama mashine yako inaifikia hifadhidata halisi, jaribio litapita vizuri tu huku likisoma, au kufuta, data za watu. Kwa hiyo kwenye mazingira ya majaribio mimi huweka anwani ya hifadhidata isiyokuwepo, ili moki ikikosa shabaha jaribio lianguke papo hapo.

Lakini mnyororo wa moki tano kwa ajili ya kujumlisha faini ni dalili kwamba msimbo umepangwa vibaya. Toa utafutaji nje ya funksheni. Ufanyike mara moja programu inapowashwa, kisha DataSource ipitishwe kwenye konstrakta (sehemu inayounda kitu) ya anayeihitaji. Jaribio litaunda DataSource bandia na kuikabidhi, na lookup haitahitaji kumokiwa tena. Ukienda hatua moja zaidi, hesabu ya faini ipokee siku za kuchelewa na salio kama namba, na hapo hakuna cha kumoki.

Tena moki haijui SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata. Andika SELEC badala ya SELECT, au taja safuwima iliyofutwa mwezi uliopita, na ResultSet bandia itakurudishia majibu uliyoipa, jaribio likionyesha kijani, yaani limepita. Hoja za SQL zinahitaji majaribio ya aina nyingine, machache na ya polepole, kwenye hifadhidata ya kweli. Kontena ya Docker (mazingira madogo yaliyotengwa kwenye kompyuta yako) yenye hifadhidata ya PostgreSQL ya toleo lile lile mnalotumia kazini inatosha.