Jakuzi Yako Inakula Umeme: Je, Kuongeza Kihami Joto Kunalipa?

Wenye jakuzi hutuletea swali hili mara kwa mara: fundi amependekeza kuongeza kihami joto (kwa kawaida povu gumu linalozuia joto lisitoke) kwenye kuta, bei yake si ndogo, je, fedha hiyo itarudi? Kabla ya kujibu, nasi huuliza: joto lako linapotelea wapi? Wengi hawajawahi kupima. Na fundi anayeuza povu la ukutani hana sababu ya kukuelekeza kwenye kifuniko.

Chukua maji ya nyuzi 38 mahali ambapo hewa ina nyuzi 15. Joto hutoka juu, pembeni na chini kwa wakati mmoja, lakini mara nyingi juu ndiko kwenye hasara kubwa, maana huko kuna mvuke. Kila lita moja ya maji inayogeuka mvuke huondoka na takriban uniti 0.67 za nishati (uniti ni kilowati-saa moja, ile ile unayoisoma kwenye mita). Lita tatu zikipotea kwa siku, uniti mbili zimekwenda. Na lita tatu hazionekani kwa macho: kwenye jakuzi ya mita mbili kwa mbili, kina cha maji kinashuka kwa chini ya milimita moja.

Ndiyo maana ukaguzi huanzia kwenye kifuniko. Vifuniko vingi ni povu gumu lililofungwa ndani ya plastiki, kisha likavishwa ngozi bandia. Plastiki hiyo ikichanika, mvuke hupenya kwenye povu na kubaki humo kama maji, na maji hupitisha joto takriban mara 20 zaidi ya povu kavu. Dalili yake ni uzito. Kama kifuniko ulichokuwa ukikiinua peke yako sasa kinahitaji watu wawili, kimelowa, na kukianika juani hakusaidii sana kwa sababu maji yamefungiwa ndani. Angalia pia ule mstari wa kukunjia katikati na kingo zote asubuhi yenye baridi. Ukiona mvuke ukifuka hapo, umeona umeme wako ukitoka. Kubadilisha kifuniko kilicholowa, na kuweka shuka la povu linaloelea juu ya maji chini yake, ni matumizi ya kwanza kuyafikiria. Kuta zisubiri.

Sasa tuje kwenye kuta zenyewe. Tuseme jakuzi ina kuta za jumla ya mita za mraba 7, na nyuma ya ganda (beseni lenyewe linaloshika maji) hakuna chochote ila uwazi wa hewa. Kwa tofauti ile ile ya nyuzi 23, kuta hizo hupoteza karibu uniti 11 kwa siku. Weka povu gumu la sentimita 2.5 na hasara inashuka hadi karibu uniti 3. Hapo umeokoa uniti 8 kila siku, na ni vigumu kukosa kurudisha gharama. Ongeza sentimita 2.5 nyingine: unaokoa uniti moja na robo tu. Tabaka la tatu linaleta takriban nusu uniti, na la nne karibu robo. Hesabu ya jakuzi yako itatofautiana kidogo na hii, lakini mwelekeo haubadiliki, kwa kuwa kila tabaka jipya linapambana na hasara ndogo iliyoachwa na matabaka yaliyotangulia, ilhali bei ya kila tabaka ni ile ile.

Kwa hiyo mwulize fundi jambo moja: sasa hivi kuna unene gani? Mwenye ganda tupu na mwenye sentimita tano tayari wanauziwa bidhaa moja kwa bei moja, lakini hawanunui kitu kimoja.

Kama humwamini mtu, pima mwenyewe. Jioni, zima hita na pampu kwenye swichi kuu, koroga maji, andika joto lake, funika. Asubuhi koroga na upime tena. (Usifanye hivi usiku ambao maji yanaweza kuganda kwenye mabomba.) Zidisha lita za maji kwa nyuzi zilizoshuka, zidisha kwa 1.163, gawanya kwa 1,000. Jakuzi ya lita 1,500 iliyoshuka nyuzi tatu imepoteza uniti 5.2. Usiku mwingine wenye baridi inayokaribiana, anza na joto lile lile lakini tandika mablanketi mazito juu ya kifuniko. Nyuzi zilizoshuka zikiwa chache kuliko za mara ya kwanza, kifuniko ndicho kilichokuwa kinavujisha. Zikiwa zile zile, basi tuhuma zinahamia kwenye kuta na sakafu. Kwangu mimi jaribio hili lina thamani kuliko kipeperushi chochote cha mauzo, na halina gharama.

Ukishapata uniti utakazookoa kwa mwaka, zizidishe kwa bei unayolipia uniti moja, kisha gawanya gharama ya kazi nzima kwa jibu hilo. Hiyo ndiyo miaka ya kurudisha fedha. Ilinganishe na miaka ambayo jakuzi imebakiza, si miaka ambayo povu linaweza kudumu. Kuna jambo hapa ambalo wengi hulisahau: kama maji yako yanapashwa na pampu ya joto (mashine inayovuta joto kutoka hewani na kulihamishia kwenye maji) badala ya hita ya kawaida, kila uniti ya umeme huenda inaleta uniti tatu za joto. Akiba yako ya umeme basi ni theluthi moja ya akiba ya joto, na muda wa kurudisha gharama unakuwa mara tatu.

Ukiamua kuongeza, usizibe matundu ya hewa karibu na pampu; mota ikikosa hewa huungua. Povu la kupuliza lililomwagwa juu ya mabomba hufanya kazi vizuri mpaka siku bomba linapovuja, ndipo fundi anapolazimika kulichimba kutafuta tundu. Mbao za povu zinazoweza kutolewa zina usumbufu mdogo zaidi. Na soma waranti kabla ya kufungua paneli.

Anayeingia jakuzi mara moja moja ana njia nyingine ya bure: kushusha joto la maji katika siku ambazo hayatumiki. Wapo wanaodai kwamba kuyapasha maji upya hula umeme zaidi ya kuyaacha ya moto. Si kweli. Maji yaliyopoa kidogo hupoteza joto polepole zaidi, na unachorudisha siku ya kuyatumia hakizidi ulichookoa. Lakini dawa ya kuua vijidudu iendelee kuwekwa kama kawaida, kwa kuwa maji ya vuguvugu ndiyo bakteria wa legionela wanayoyapenda. Na kadiri siku za maji ya moto zinavyopungua, ndivyo kihami cha ziada kinavyokosa joto la kuokoa, na miaka ya kurudisha gharama yake inarefuka.