Slasha ya futi ngapi inaifaa trekta yako?

Kila msimu wa majani kuna swali ambalo halikosi kufika mezani kwetu: "Trekta yangu ni hamsini (yaani nguvu farasi 50), nichukue slasha ya futi ngapi?" Muulizaji anatarajia ajibiwe kwa namba moja aondoke. Mimi humrudishia maswali mawili. Kwanza, nyuma ya trekta yako pana upana gani kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi? Pili, unakwenda kufyeka nini?

Slasha ninayoizungumzia ni ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, yaani ile ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Chini ya bati lake kuna visu viwili au zaidi vinavyoning'inia kwenye bolti. Havikukazwa, ile kasi ya mzunguko ndiyo inayovinyoosha, na kisu kikigonga kisiki hurudi nyuma badala ya kuvunjika. Huuzwa kwa upana: futi 4, 5, 6, 7 na kuendelea, yaani kuanzia kama mita 1.2 hadi zaidi ya mita 2.

Anza na futikamba. Pima nje ya tairi moja la nyuma hadi nje ya lingine. Slasha iwe na upana huo au izidi kidogo, ikiwezekana sentimita tano kila upande. Ikiwa nyembamba, matairi yatalaza majani ambayo visu havitayafikia. Siku hiyo shamba litapendeza, lakini baada ya siku mbili majani yaliyolazwa yanaamka, na unabaki na mistari kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Nguvu ndiyo inayowapotosha wengi. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini. Kabla haijafika kwenye shafti ya nyuma, sehemu yake imeliwa na gia, pampu ya haidroli, feni na mengineyo. Kinachofika kwenye PTO kwa kawaida ni asilimia 80 hadi 90. Muuzaji atakutajia ile kubwa. Hadanganyi, ila haikusaidii. Trekta ya nguvu farasi 50 ihesabu kuwa na 42 hivi kwenye PTO, na kama una kitabu chake soma namba halisi humo.

Sasa kadiria kwa futi moja ya upana. Majani laini ya malisho yanataka nguvu farasi 4 hadi 5 kwa kila futi. Majani marefu yaliyochanganyika na vichaka vyepesi, 5 hadi 7. Kichaka chenye miti michanga, 8 au zaidi. Turudi kwa bwana wa hamsini mwenye 42 kwenye PTO. Kwenye malisho, slasha ya futi 7 itamtaka 35 tu, ataiendesha bila shida. Akiipeleka hiyo hiyo kichakani itamdai 56, nazo hana. Kichakani anayoiweza ni ya futi 5, kwa 40. Trekta ni ile ile na dereva ni yule yule, lakini kuna futi mbili za tofauti. Ndiyo maana siwezi kumjibu kwa namba moja.

Utaijuaje slasha iliyoizidi trekta? Sikiliza na uangalie. Mlio wa injini unazama kila majani yanapokuwa mazito, moshi unakuwa mweusi, na dereva anapunguza gia hadi anatambaa. Slasha nyingi zimetengenezwa kwa PTO ya mizunguko 540 kwa dakika. Mizunguko ikishuka, visu vinapoteza kasi na kuanza kutafuna badala ya kukata. Ng'oa jani moja nyuma ya mashine ulitazame ncha: lililokatwa lina ncha safi, lililotafunwa lina nyuzinyuzi nyeupe. Wenye mashine hukimbilia kunoa visu, na mara nyingi vinahitaji kunolewa kweli, lakini ukishanoa na nyuzi zikabaki, tatizo ni upana.

Kuna wanaoniambia kubwa inaokoa muda. Inaokoa, ila kidogo kuliko wanavyodhani. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, futi 5 inafyeka eneo la hekta 0.75 kwa saa na futi 6 hekta 0.9, kabla hujatoa muda wa kugeuza. Ukilazimika kushuka hadi kilomita 4 kwa sababu trekta imelemewa, futi 6 inakupa hekta 0.72. Umenunua futi nzima ili urudi nyuma. Mimi kati ya slasha pana ya bati jepesi na nyembamba ya bati zito, huchagua nyembamba.

Vipi kama matairi yanataka futi 6 na PTO inaweza 5? Hutokea sana. Kwenye trekta nyingi rimu za nyuma zinaweza kugeuzwa ili matairi yasogee ndani. Kwenye mteremko usifanye hivyo, kwa kuwa trekta nyembamba hupinduka upesi. Njia nyingine ni kuifunga slasha ikiwa imesogea upande mmoja, ikiwa muundo wake unaruhusu, ili walau tairi moja lipite palipokwisha kufyekwa.

Uzito unasahaulika hadi siku usukani unapokataa kugeuka. Chukua trekta ya kilo 1,500 ambayo kilo 600 kati ya hizo zinakaa kwenye matairi ya mbele. Nyuma funga slasha ya kilo 350. Ukiinyanyua, na kitovu cha uzito wake kikawa nyuma ya ekseli kwa umbali ulio sawa na ule wa kati ya ekseli mbili za trekta, kila kilo ya nyuma inaondoa kilo moja mbele. Mbele zinabaki 250. Kanuni tunayofundisha ni kwamba walau asilimia 20 ya uzito wa trekta ibaki mbele, yaani kilo 300 hapa. Hizo zilizopungua zirudishwe kwa vyuma vya uzito vinavyofungwa mbele. Usimpandishe mtu kwenye boneti, jambo nililoliona kwa macho yangu. Soma pia uwezo wa mikono ya kunyanyulia. Vitabu vingi hutoa namba mbili, moja kwenye ncha za mikono na nyingine sentimita 61 nyuma yake. Ya pili ni ndogo, na ndiyo yako.

Trekta kubwa nayo inaweza kuiua slasha ndogo. Giaboksi ya slasha ina kiwango chake, kwa mfano nguvu farasi 40. Ukiifunga kwenye trekta ya 90, dereva hatahisi chochote visu vikigonga jiwe. Kinga ya giaboksi ni bolti laini ya shafti inayokatika kabla gia hazijavunjika, au klachi inayoteleza mzigo ukizidi. Niliwahi kufungua giaboksi iliyoletwa ikiwa inapiga kelele. Ndani, meno matatu ya gia yalikuwa yamelala kwenye oili kama mahindi kwenye sufuria. Kwenye shafti, mahali pa bolti, palikuwa na kipande cha nondo kilichokatwa vizuri kabisa. Bolti ilikuwa imekatika mara mbili, dereva akachoka, akaleta dawa ya kudumu. Klachi nayo ikikaa msimu mzima kwenye unyevu hushikana kwa kutu na haitelezi tena, kwa hiyo ilegezwe, izungushwe sekunde chache, kisha springi zikazwe kwa kipimo cha kitabu.

Usalama nauweka kwenye ukubwa pia. Kisu cha slasha ya futi 5 kinachozunguka mara 900 kwa dakika (giaboksi huongeza mizunguko ya PTO) kina kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa kwenye ncha yake, na kadiri upana unavyoongezeka kwa mizunguko ile ile ndivyo ncha inavyokimbia zaidi. Jiwe likirushwa hapo linaweza kufika mita 90 na zaidi. Minyororo ya mbele na nyuma isiondolewe, na watu wasiwepo.

Ukishaileta slasha nyumbani, usiwashe PTO kwanza. Ifunge, zima injini, ondoa shafti, inyanyue na kuishusha polepole ukipima nafasi iliyo kati ya PTO ya trekta na giaboksi ya slasha. Shafti ni bomba mbili zinazoingiliana. Nafasi inapokuwa fupi kuliko zote, bomba la ndani lisigonge mwisho. Inapokuwa ndefu kuliko zote, bomba la ndani na la nje yaendelee kuingiliana kwa walau theluthi moja ya urefu. Shafti ikizidi, kata bomba zote mbili na vifuniko vyake vya plastiki kwa kipimo kimoja, piga tupa kingo, paka grisi, ndipo urudishe.